Kila Jaribio na Data Yake

Buruburu, Nairobi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia siku hizi unachelewa kutoka kazini kwa sababu majaribio ya mfumo wenu wa mikopo kwa wanachama yanapita asubuhi na kuanguka jioni, na kwamba mmezoea kuyarudia hadi yakubali. Acheni tabia hiyo mara moja. Hitilafu ya kweli ikija, nayo mtairudia vivyo hivyo, mpaka pesa za mtu zipotee.

Kwa jinsi ulivyomweleza, naona shida iko kwenye data mnayotumia pamoja. Mwanachama nambari 1001 anakaa humo kwenye hifadhidata ya majaribio, na kila mmoja wenu anamtumia. Jaribio moja linamkopesha shilingi 500, jingine linafunga akaunti yake. Likitangulia la mkopo, yote mawili yanapita. Likitangulia la kufunga, mkopo unakataliwa, nanyi mnashinda mkitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa.

Kila jaribio lijiundie mwanachama wake, mwenye nambari isiyojirudia, limwekee salio na lipime huyo tu. Usafi ufanyike kabla ya jaribio kuanza, kwa maana jaribio likikatika katikati halifiki kwenye mistari ya kusafisha. Wengine hufungua muamala wa hifadhidata, wakapima, kisha wakautengua wote. Ni njia safi na ya haraka, ila seva inayotumia muunganisho mwingine haitaona data ambayo haijathibitishwa, kwa hiyo majaribio yanayopita mfumo mzima yatafutieni njia nyingine. Orodha ya kaunti 47 tumieni pamoja bila wasiwasi, mradi hakuna jaribio linaloiandika.

Kuna mahali huwezi kukwepa kushiriki. Tangu Safaricom ilipofungua Daraja, mlango wa programu kufikia M-Pesa, mwaka 2017, wanaojaribu malipo ya M-Pesa hutumia nambari moja ya biashara, 174379, wewe Umoja na mwenzako Donholm. Pale Umoja kamba ya nguo juu ya paa ni ya wapangaji wote, lakini kila mzazi ametia alama shati la mwanawe. Alama yako ni CheckoutRequestID unayopewa unapotuma ombi. Ihifadhi, na jibu likirudi kwenye seva yenu, litafute kwa hiyo. Jaribio linalochukua “malipo ya mwisho” siku moja litachukua ya mwenzako, lipite, na likudanganye.

Wala msinakili data za wateja halisi ili kupata urahisi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo, na wateja hao ni majirani zetu.

Kesho anza na lile jaribio la mkopo. Kisha yaendeshe yote kwa mpangilio wa kubahatisha, uandike yaliyoanguka na lililotangulia kila moja. Niletee orodha hiyo Jumapili tuipitie pamoja.

Ni mimi shangazi yako.