Pengo la Mlango

Kabla sijawahi kushika modeli ya gari mkononi, nilikuwa nimeandika maneno kama elfu sitini kuhusu modeli za magari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mteja alikuwa ng'ambo, mimi nilikuwa kwa bedsita Rongai, na kati yetu kulikuwa na bando la wiki na faili ya Excel. Faili inakuja na jina la modeli, kipimo, bei na picha nne. Mimi naigeuza kuwa maoni ya mtu ambaye amelishika gari, amelizungusha, amefungua milango na kuridhika. Dola moja kwa kila maneno mia.

Nilikuwa na sentensi zangu za kazi. "Uzito wake unakuambia mara moja kwamba hiki si kitu cha mtoto." "Milango inafunguka kwa ulaini." "Rangi inang'aa kama ya gari lenyewe." Sentensi hizo zimebeba Ferrari, zimebeba Porsche, zimebeba Lamborghini. Nilikuwa nabadilisha jina tu. Hakuna mtu aliyewahi kulalamika, na mwisho wa mwezi landlord hakuuliza pesa imetoka kwa sentensi gani.

Sasa, anko wangu ni fundi wa bodi. Kazi yake ni kunyoosha magari yaliyogongwa na kuyapiga rangi, na ameifanya zaidi ya miaka thelathini, kwanza Industrial Area, kisha kwa kibanda chake mwenyewe Kariobangi. Nilipoitwa chuo kikuu, yeye ndiye alilipa karo ya mwaka wa kwanza. Aliuza kompresa yake. Alisema atanunua ingine. Kwa miezi minane akawa anaazima ya jirani, mia tano kila akipiga gari rangi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ni nyingi na baadhi hazinipendezi, kwa hivyo tuziache. Siku niliyoenda kumwambia nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa hata na majibu. Alinyamaza kidogo, akapangusa mikono na kitambaa chenye thina, akasema, "Sawa. Umekula?" Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote. Afadhali angepiga kelele.

Ndiyo maana, mwezi mmoja nilipolipwa vizuri, niliamua kumnunulia kitu. Na kama unamjua anko, unajua ni kitu gani. Huyu ni mtu ambaye utotoni alisimama kando ya barabara ya udongo wakati wa Pasaka akingoja magari ya Safari Rally yapite, na hajawahi kupona. Gari lake ni moja: Datsun 240Z. Gari la spoti la Kijapani, milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari mwaka wa 1971 akiwa na Hans Schüller. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta akashinda nalo tena, na siku hiyo yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwa Datsun nyingine, walimaliza na alama sawa za adhabu, mpaka ikabidi sheria ya kuvunja sare itumike. Anko husimulia sare hiyo kama mtu aliyekuwa anahesabu alama mwenyewe.

Modeli ya 240Z ilikuwepo kwa orodha yangu. Kipimo cha 1:24, nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni kama gari la Herrmann. Nilikuwa nimeiweka nambari mbili kati ya kumi. Nilikuwa nimeisifu kwa wateja watatu tofauti, na mtu akisifu kitu mara tatu anaanza kuamini. Kwa hivyo nilipoiona ikiuzwa hapa Nairobi sikuuliza maswali. Shilingi 4,500. Nilinunua kwa ushahidi wangu mwenyewe.

Nilimpelekea Jumapili baada ya lunch. Alifungua boksi polepole, akatabasamu, akasema jina la Mehta kabla hata hajasema asante. Kisha akavaa miwani ya kusomea, akatoka nayo nje mlangoni, mahali kuna mwanga.

Nilidhani anaangalia rangi. Hakuwa anaangalia rangi. Aliinua gari usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akaliangalia kutoka nyuma kwenda mbele, ubavuni, kama mtu anayeangalia kama mbao imenyooka. Akaligeuza, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Akafungua mlango wa kushoto, akaufunga. Akapitisha ukucha kwenye pengo kati ya mlango na bodi.

"Hii gari iligongwa," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Angalia hapa. Mlango umekaa nje, halafu huku chini umeingia ndani. Mtu akikuletea gari hivi anakwambia haijawahi kupata ajali, usinunue."

"Anko, hiyo ni modeli. Ni ndogo."

"Kwani ndogo ni mara ngapi?"

Mara 24. Na hapo ndipo aliniharibia maneno elfu sitini, kwa hesabu ya darasa la tano. Gari halisi lina urefu wa kama mita 4.1, ndiyo sababu modeli ina sentimita 17. Sawa. Basi kila kitu kingine pia lazima kigawanywe kwa 24. Pengo la mlango kwenye gari zima ni kama milimita tano. Kwa modeli linafaa kuwa milimita 0.2, yaani unene wa nywele chache. Letu lilikuwa karibu milimita moja. Zidisha sasa kurudi juu: sentimita 2.4. Unaweza kupitisha kidole gumba kati ya mlango na bodi, na mvua yote ya Limuru iingie.

Rangi ni hivyo hivyo. Rangi ya gari halisi, tabaka zote pamoja, hufika kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna kiwanda kinachoweza kupaka modeli rangi nyembamba mara 24 kuliko hapo, kwa hivyo kila modeli duniani ina rangi nene kuliko inavyostahili. Swali ni nene kiasi gani. Anko alinionyesha mstari wa boneti, ule mfereji mwembamba unaotenganisha boneti na matao ya tairi. Nusu yake ilikuwa imejaa rangi. Mahali pengine mfereji ulikuwa umekuwa kama kovu tu. "Hii wamemwaga," akasema. "Hii si kupiga, ni kumwaga." Halafu akaligeuza kwa jua nikaona alichokiona: juu ya paa, uso wa rangi ulikuwa na vidoti vidoti kama ganda la chungwa. Kwa picha nne za Excel huwezi kuona ganda la chungwa. Picha zimepigwa na taa laini kusudi usilione.

Basi nikakaa kwa stuli nikafundishwa kitu ambacho nilikuwa nalipwa kukijua.

Anza na umbo, alisema, kwa sababu umbo likikosewa hakuna rangi itakayoliokoa. Simama mbali, mita mbili hivi, ujiulize kama ni gari lile au ni binamu yake. Kwa 240Z angalia taa za mbele: ziko ndani kabisa, kwenye vishimo virefu vilivyochongwa juu ya mabawa. Modeli mbaya huzileta mbele, na gari linaonekana kama limeshtuka. Kisha sogea uangalie ndani ya taa yenyewe. Ukiona kidoti cheusi katikati, kama mboni ya jicho, hicho ni kipini kinachoshikilia kioo cha taa. Watengenezaji wazuri hukificha. Letu lilikuwa linatukodolea macho.

Baada ya hapo, maandishi. Namba na majina kwa modeli nzuri hupigwa kwa pedi laini ya silikoni inayobeba wino na kuugandamiza juu ya bodi, hata pale palipojipinda. Kingo zinakuwa kali na hakuna ngozi. Stika ina ngozi: ukiinamisha gari kwa mwanga unaona ukingo wake, na kadiri miaka inavyoenda inageuka manjano na kunyanyuka. Namba 11 yetu ilikuwa stika. Na ilikuwa imelala kidogo.

Kisha weka gari juu ya kioo. Anko alilichukua akaliweka juu ya kioo cha meza ya sebuleni, akapitisha kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Tairi tatu zilikataa karatasi. Ya nne ikaipitisha. "Inasimama kwa miguu mitatu," akasema, "kama hiyo stuli yako."

Nilijaribu kujitetea na uzito. Si angalau ni zito? Ni chuma! Alinitazama tu. Modeli hizi za daikasti humiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, aluminiamu kidogo, magnesiamu na shaba, na zinki ni nzito yenyewe. Kuta nene zinaongeza uzito, na kuta nene ndizo zinazoharibu milango na nguzo za madirisha. Kuna modeli za resini nyepesi kama biskuti ambazo zina mistari mikali kuliko za chuma, ingawa nyingi hazifungui chochote. Kwa hivyo ile sentensi yangu kuu, ile ya uzito unaokuambia mara moja, haikuambii kitu. Inakuambia kwamba zinki ni nzito.

Na kuna jambo ambalo hata anko hakuweza kuliona pale mlangoni, nililisoma baadaye usiku ule kwa sababu sikupata usingizi. Zinki ikichanganyika na uchafu wa madini ya risasi, hata kidogo sana, chuma huanza kuoza kutoka ndani. Kwanza nyufa nyembamba kama nywele, kisha kinavimba, kinapinda, mwishowe kinavunjika vipande mkononi. Unyevu huharakisha. Hakuna dawa. Kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa mchanganyiko wa Zamak mwaka wa 1929, wenye zinki safi zaidi, kwa sababu ya tatizo hilo, lakini bado kiwanda kikitumia mabaki machafu, ugonjwa unarudi. Maana yake ni kwamba gari linaweza kupita mitihani yote, umbo, rangi, taa, kioo, na bado liwe limeshaamuliwa tangu siku lilipomiminwa.

Nilisoma hiyo sentensi mara mbili. Nadhani unajua nilikuwa nafikiria nani.

Jumatatu nilimwandikia mteja. Nilisema modeli nambari mbili haistahili kuwa kwenye orodha, nikaeleza pengo, rangi, taa, stika, tairi. Ilikuwa kazi bora zaidi niliyowahi kumtumia, maneno 700, bure. Alijibu kwa heshima kwamba orodha inauza vizuri na tusiiguse. Ningependa kukuambia niliacha kazi siku hiyo. Niliendelea miezi miwili, kwa sababu kodi ni kodi. Lakini nilianza kuchelewesha. Kila nikifika kwa "milango inafunguka kwa ulaini" vidole vinasimama. Orodha ile bado iko, na Datsun yangu bado ni nambari mbili.

Nilirudi kwa anko nikamwambia nitamrudishia pesa, nimtafutie modeli ya maana. Akakataa. Alikuwa ameshafungua skrubu mbili za chini, na gari lilikuwa limetandazwa vipande vipande juu ya gazeti. Akanisukumia mlango wa kushoto na kipande cha msasa namba 1000.

"Loweka maji kwanza. Piga upande mmoja, usirudishe rudishe. Ukichoka, acha."

Tumefanya hivyo Jumapili sita sasa. Nasugua ukingo wa mlango wenye urefu wa kidole, naujaribu kwa bodi, naona bado, nasugua tena. Pengo limepungua. Halitafika milimita 0.2, anko mwenyewe amesema, chuma kilichomiminwa vibaya kina mwisho wake. Rangi mpya ataipiga yeye, tabaka nyembamba tatu, akitumia kompresa yake ya sasa.

Jumapili iliyopita, bila kuniangalia, alisema, "Ile kompresa ya zamani ilikuwa inavuja hewa. Ningeiuza tu."

Anko hasifu wala haponzi kitu ambacho hajakishika kwa mkono. Ile kompresa aliishika miaka kumi na moja, na nakumbuka akiwaambia watu haijawahi kumsumbua hata siku moja. Sikumuuliza. Niliinamisha mlango kwa mwanga, nikafumba jicho moja, nikaangalia mstari.