Roketi ya kwenye picha na maswali ya watoto wetu



Juma hili tunaleta jambo ambalo wengine watasema halituhusu sisi watu wa Buleusa: namna watu wanavyopiga picha za roketi zinazopanda angani na za vyombo vinavyozunguka dunia. Mama mmoja alituuliza waziwazi kwenye mkutano: "Mwalimu, mihogo inaoza, barabara imekatika, na wewe unatuletea mambo ya angani?" Swali lake ni la haki. Tutajaribu kulijibu, juu jambo lenyewe lilianzia katika neno moja linaloogopesha watoto wetu.

Kwa Kifaransa kuna majina mawili. Ile inayopanda angani inaitwa "fusée", ile ya vita inaitwa "roquette". Kwa Kiswahili chetu zote mbili ni roketi. Sisi tunaofundisha jografia na fizikia tunaandika maneno ya Kifaransa ubaoni, lakini tukitaka watoto waelewe vizuri tunafasiria kwa Kiswahili. Siku tulipotamka neno roketi katika darasa, wanafunzi wawili waliinamisha vichwa chini ya meza, na wengine waliangalia mlango. Hawakuwa wanacheza. Mtoto aliyekimbia kwao mara mbili ao tatu, akalala porini na mvua, neno hilo haliwezi kumpeleka mwezini. Linamrudisha usiku ule.

Ndipo tulifikiri kutumia picha. Tulipata picha kadhaa ndani ya telefone, tukazionyesha bila sauti na bila filme. Kwenye picha moto umesimama. Haupigi kelele, hausogei, na mtoto anaweza kuuangalia kwa muda anaotaka yeye, ao kugeuza uso na kurudia baadaye. Tuliwaambia mbele: hii ni roketi inayobeba chombo, haibebi bomu.

Walipoanza kuuliza, waliuliza kwanza juu ya mpiga picha: "Yeye hakuungua?" Hapo tulianza kufundisha kweli.

Kwenye kituo cha Kennedy kule Florida, Marekani, waandishi wa habari wanasimama karibu kilomita 5 kutoka mahali roketi inaporukia. Sauti inatembea kama metre 340 kwa sekunde. Basi mtu aliye kilomita 5 anaona moto kwanza, na mngurumo unamfikia kisha sekunde 15 hivi. Watoto wetu wanajua kuhesabu kati ya mwanga na mshindo, na wengi hawakujifunza hiyo hesabu masomoni. Tuliwaambia kwamba ni hesabu ileile ya radi, na walifanya zoezi lote bila kukosea.

Zile picha za karibu, mtu hakai pale kuzipiga. Mpiga picha anaenda mapema, mara nyingi siku moja mbele, anasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, anaifunga vizuri isiyumbe, anaifunika na plastiki kwa ajili ya umande na mvua, halafu anaondoka. Kamera inabaki peke yake. Ina kifaa kinachosikia mngurumo, na mngurumo ukifika, kamera inaanza kupiga yenyewe. Mwenyewe anairudia wakati wakubwa wa usalama wameruhusu.

Hata hivyo aksidenti hutokea. Tarehe 22/5/2018, kule Vandenberg katika California, Bill Ingalls, mpiga picha wa NASA, aliacha kamera kadhaa. Zile zilizokuwa karibu zaidi na roketi zilipona. Moja iliyokuwa mbali, kama metre 400, iliyeyuka, juu majani makavu yalishika moto na moto ukaifikia. Kadi iliyokuwa ndani ilipona, na ndani yake kulikuwa na picha za moto ukija. Watoto walicheka sana, na sisi tulifurahi kusikia kicheko ndani ya somo la roketi.

Kazi nyingine ngumu ni mwanga. Mnajua picha za harusi zetu: bibi-arusi akisimama na jua nyuma yake, uso unatoka mweusi. Kamera haiwezi kutosheleza mwanga mkali na giza kwa wakati mmoja. Moto wa roketi unawaka sana. Ukiacha kamera ijipange kwa giza la usiku, moto wote unatoka mweupe bila umbo. Kwa hiyo mpiga picha anapanga kamera mapema kwa ajili ya ule moto, hata kama kwa sasa anaona giza tu.

Lakini kuna wengine wanaolitumia giza. Wanaacha jicho la kamera wazi dakika nzima ao zaidi, na njia yote ya roketi inajichora kama upinde mmoja wa mwanga. Kama hamuelewi, mkumbuke mtoto anayechukua kijinga cha moto jikoni na kukizungusha haraka: macho yetu yanaona duara. Kamera inafanya vile, ila yenyewe inaihifadhi ile duara.

Kisha msichana mmoja, ambaye tangu afike darasani kutoka kambi ya wahamaji hakuwa ameinua mkono hata mara moja, aliinua. Aliuliza: "Mwalimu, hii inaanguka wapi?"

Darasa lilinyamaza. Wote walikuwa na swali hilo, yeye alilisema tu. Hatukutaka kumdanganya kwamba haianguki. Tulimwambia: vipande vyake vinaanguka, na wenye kuituma wanapaswa kujua vitaanguka wapi mbele hawajawasha moto. Ndiyo maana vituo vingi viko kando ya bahari: Florida, Kourou katika Guyana ya Kifaransa, na zamani hata hapa Afrika ya Mashariki, Malindi katika Kenya.

Habari ya Malindi inatufaa sana sisi wamama. Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, karibu na pwani, na jukwaa la kurushia liliitwa San Marco. Walikuja kule juu ni karibu na ikweta, mahali dunia inazunguka kwa mwendo mkubwa zaidi, zaidi ya kilomita 1.600 kwa saa, na mwendo huo unasaidia roketi kupanda. Chombo cha kwanza kilitoka pale mwaka 1967. Tarehe 12/12/1970, siku Kenya ilipokuwa inakumbuka miaka 7 ya kujitawala, chombo kingine cha Wamarekani kilirushwa kutoka jukwaa hilo, nacho kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miale ya X inayotoka angani, miale ya namna ileile wanayotumia hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Kilionyesha mahali zaidi ya 300 panapotoka miale hiyo.

Aliyesimamia kazi yote ya chombo hicho alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na ndiye aliyependekeza jina Uhuru. Kuna picha yake na mtaalamu Bruno Rossi wakizungumza, na chombo chenyewe kiko nyuma yao kikifanyiwa majaribio mbele hakijarushwa. Kati ya picha zote tulizoonyesha, wasichana waliangalia hiyo kwa muda mrefu zaidi. Hakuna moto ndani yake. Kuna mama aliyesimama kwenye kazi yake.

Na kwetu Kongo? Iko pia. Wakati wa Zaire, kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ya Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu eneo kubwa katika Shaba, juu ya bonde la mto Luvua. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17/5/1977, ya pili tarehe 20/5/1978. Ya tatu, tarehe 5/6/1978, Mobutu mwenyewe alikuja kuiangalia. Ilipanda kidogo, ikaacha njia, ikaanguka bondeni. Mwaka 1979 kazi ilisimamishwa. Kule hakukuwa bahari ya kuipokea. Tulipoeleza hayo, yule msichana alitikisa kichwa kama mtu aliyejua jibu tangu zamani.

Baadaye, Jean-Patrice Keka, Mkongomani, alijaribu na watu wake kule Menkao, nje ya Kinshasa. Roketi yake Troposphère 5, mwaka 2009, iliacha njia pia, na panya aliyekuwa ndani hakupona. Watu wengi walicheka filme ile. Sisi tunawaambia watoto wasicheke haraka. Alitengeneza roketi isiyotafuta nyumba ya mtu, katika nchi ambamo tumeona za namna nyingine nyingi.

Sasa turudi kwa mama aliyetuuliza. Alisema tena jambo zito: "Watoto wanahitaji kusahau moto. Kwa nini kuwaonyesha mwingine?" Wamama wengi walikuwa upande wake, na tulizungumza mpaka jioni. Hatukubaliani wote hadi leo. Lakini tulipatana juu ya mambo haya: mtoto aambiwe mbele kitu atakachoona, picha ije kwanza, filme baadaye, na sauti mwisho kabisa, asiyetaka aruhusiwe kutoka bila kuulizwa sababu. Sisi tunaamini kwamba woga usiozungumziwa haupotei. Lakini ni mzazi anayelala na mtoto wake usiku, na ndiye anayesikia akilia katika ndoto. Neno lake lazima lisikiwe mbele ya letu.

Picha moja haikuleta ubishi. Ilipigwa tarehe 7/12/1972 na wasafiri wa Apollo 17, wakiwa karibu kilomita 30.000 kutoka duniani, wakielekea mwezini. Inaonyesha dunia nzima, mviringo, na sehemu kubwa ya nchi kavu inayoonekana ni Afrika yetu. Kongo iko pale, na mawingu juu yake. Buleusa haionekani, wala kizuizi hakionekani, wala mpaka wa kijiji na kijiji. Watoto walitafuta kwao kwa kidole, na kila mmoja alipata mahali pa kuweka kidole.

Kwa wale wanaotaka kujaribu nyumbani, hatuhitaji kwenda Florida. Sisi hatuna umeme, kwa hiyo mbingu yetu ni nyeusi na safi, na wapiga picha wa miji mikubwa wanasafiri mbali kutafuta mbingu kama hii. Wakati usiku unaanza kuingia, ao alfajiri kidogo mbele ya mapambazuko, mara nyingine mtaona nyota inayotembea polepole bila kupepesa. Ndege ya kawaida inapepesa taa. Hiyo isiyopepesa ni chombo kilichomulikwa na jua. Kimoja kinachong'aa sana ni kituo ambacho watu wanaishi ndani yake, kama kilomita 400 juu, na kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi.

Kama telefone yenu inaweza kupiga picha ya usiku ya sekunde 20 ao 30, ilazeni juu ya jiwe, kioo kikiangalia chini na jicho la nyuma likiangalia mbingu. Msiishike kwa mkono. Kile chombo kitatoka kama mstari mmoja mweupe kati ya nyota.

Mfanye hayo ndani ya kiwanja chenu, na mtu mzima akiwepo. Msiinue telefone barabarani, wala karibu na kizuizi ao mahali pa watu wenye silaha. Siku usalama si mzuri, mbaki ndani, nyota zitarudi kesho. Na mama asiye na telefone aje na watoto kwa jirani mwenye nayo, juu picha moja inatosha watu wengi.

Mkipata ule mstari, mtuletee tuuone siku ya mkutano. Tutawapa watoto nafasi ya kueleza wenyewe ni kitu gani, kinapita wapi, na kwa nini hakituangukii.

Tunawatakia juma la amani.