Breka Pekee Haitoshi

Jamani, sisi waandishi wa programu tukiandika "zima", tunaamini hita imezimika. Hebu tuiangalie kontakta ya elektroniki, ile isiyo na kifaa kinachosogea ndani.

Shoti ikitokea, breka ya kawaida huweza kuchukua milisekunde kadhaa kukata. Thairista ya ndani huwa imeshaungua! Dawa yake ni fyuzi ya kasi, ambayo I²t yake (kipimo cha nishati inayopenya kabla ya kukata) ni ndogo kuliko ile ya kontakta. Breka ibaki, ilinde nyaya.

Ila kontakta hii ikifa, mara nyingi hubaki imewaka. Mkondo ni wa kawaida, hivyo fyuzi na breka hunyamaza, hita ikizidi kuchemka. Ongeza themostati inayokata umeme yenyewe, bila kungoja programu.