Tuliyowaficha Wadogo Zetu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, mji wetu wa Kisangani wageuka mweupe. Vijana waliofaulu hupakwa poda kichwani na usoni, hupanda baiskeli za toleka, huimba toka Mangobo hata Makiso, na mama zao huwafuata wakipiga vigelegele. Ni furaha ya haki, wala hatuwaonei kijicho. Sisi pia tulipakwa poda ile. Lakini Jumapili inayofuata, poda ikiisha kuoshwa, vijana wale wale hutungoja mlangoni pa kanisa baada ya Misa, nao huuliza neno moja tu: "Yaya, tuingie fakulte gani?"

Sisi tunaoandika tu watano, watoto wa parokia moja. Wawili twasoma sheria, na mmoja wao ni binti. Mmoja asoma udaktari. Mmoja saikolojia na malezi. Na wa tano amekwisha kumaliza biolojia. Tumeandika pamoja kwa sababu kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mmoja akisifu shamba lake kupita kiasi, wengine wanne wapo wa kumshika shati.

Kwanza tuungame kosa letu.

Miaka minne iliyopita alitujia kijana mmoja wa upande wa Isangi. Jina lake hatulitaji. Alifika kwa mashua ya mbao yenye mota, amekaa juu ya magunia ya mkaa siku nzima, na diploma yake ameifunga katika mfuko wa plastiki isilowe. Diploma ile ilikuwa ya pedagojia. Kijijini alikuwa akiwafundisha watoto katekisimu, na kwa jinsi alivyosimulia habari zao, kila mmoja kwa tabia yake, mtu yeyote mwenye masikio angalijua kazi yake ni ipi. Sisi hatukuwa na masikio siku ile. Mmoja wetu alikuwa amevaa koti jeupe la hospitali, ingawa ilikuwa Jumapili na hospitalini hakuwa na kazi yoyote. Tukamwambia: Mtu mwenye kichwa huingia udaktari. Malezi ni ya wale waliokosa mahali.

Tulimwonyesha majengo, tukamtajia maprofesa kana kwamba ni wajomba zetu. Hatukumwambia ya kuwa wawili kati yetu walirudia mwaka wa kwanza. Hatukumwambia ya kuwa tulilala watano katika chumba cha watu wawili, wala ya kuwa mwezi wa tatu ule tulikula mara moja kwa siku, lituma bila samaki. Kwa nini tulificha? Si kwa ubaya. Tuliona haya. Na mtu aliyeteseka kwa ajili ya kitu hupenda wengine wakione kitu kile kuwa kikubwa.

Basi akaingia udaktari. Katika kemia, mambo ambayo wenzake waliotoka biokimia walikuwa wakiyakumbuka, yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Alianguka katika kipindi cha kwanza cha mitihani, akaanguka katika cha pili. Nyumbani hakusema neno. Mama yake akatuma tena fedha za mwaka wa pili, naye akazila pole pole, akilala sakafuni kwetu. Kila asubuhi alitoka na daftari kwapani, nasi tulifikiri ameanza upya mahali fulani. Kumbe alikwenda kwenye maporomoko, akakaa juu ya jiwe akiwatazama Wagenia wakitega mitego yao mikubwa ya miti katika maji yale makali, hata jua lilipokuchwa.

Siku moja mama yake akaja mwenyewe kumtazama daktari wake. Alileta madumu mawili ya mafuta ya mawese, kwanga, na jogoo mwekundu kwa ajili yetu, tuliomtunza mtoto wake mjini. Alituuliza anaendeleaje. Tulitazama chini. Kijana akalia, na kwa kulia kwake mama akajua yote. Hakupiga kelele. Alitugeukia tu, akasema: "Wanangu, ninyi ndio aliowauliza. Mlikuwa mnajua?" Tuliitika kwamba tulijua. Kesho yake aliuza mafuta yake sokoni apate nauli ya watu wawili, wakashuka mto pamoja. Jogoo alituachia. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumchinja, tulimpelekea katekista.

Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya matokeo, twakaa chini ya mwembe wa parokia. Padre ametupa mabenchi mawili. Yeyote atakaye kuingia chuo huja akauliza, nasi tumeahidiana kujibu lile tulilolipata wenyewe, si lile tulilolisikia.

Neno la kwanza tunalomwuliza mtu ni hili: Ulisoma sehemu gani katika sekondari? Aliyetoka biashara au pedagojia hazuiwi na mtu kutamani udaktari, lakini ajue anaanza mbio akiwa nyuma. La pili ni lugha. Sokoni twasema Kiswahili, kilichofika hapa zamani za Tippu Tip. Vijiweni twasema Kilingala. Darasani ni Kifaransa peke yake, toka asubuhi hata jioni, na mwalimu hangoji. Mmoja wetu wa sheria akiri kwamba miezi mitatu ya kwanza aliandika maneno asiyoyaelewa, akayakariri kama nyimbo za Kilatini za babu yake.

Sasa fedha. Hapa tukawie kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazazi wetu wengi hudanganyika. Huuliza: Minerval ni kiasi gani? Wakiambiwa, huuza mbuzi, hulipa, hupumua. Lakini minerval ni mlango tu, nyumba yenyewe bado. Mtu wa Lubunga huvuka mto asubuhi na jioni, na mwenye mtumbwi hamvushi bure; mvua ikinyesha, au fujo zikitokea kama zile za mwaka 2023 ng'ambo ile, hulala upande asio na godoro. Kuna nakala za masomo za kununua. Kuna simu, maana siku hizi hata ratiba huletwa kwa simu, na asiye na intaneti husikia habari za mtihani umekwisha kufanyika. Umeme ukikatika, na hukatika, yatakiwa taa. Mwisho kuna kazi ya kumalizia masomo: kuichapa, kuisahihisha, kuichapa tena. Sisi tuliandika kila faranga katika daftari moja kwa mwaka mzima, na minerval haikufika hata robo ya jumla. Yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza ahesabu gharama. Wengi wetu tulihesabu matofali ya mstari wa kwanza.

Binti wetu wa sheria huwachukua wasichana kando, karibu na kisima. Sisi wanaume hatusikii yote. Lakini ametupa ruhusa tuandike hili: kuna watu wenye kalamu ya kutia alama ambao hutaka kulipwa kwa mwili wa msichana, naye alimkuta mmoja, mahali tusipopataja. Alimwambia mama yake siku ile ile, akaenda kwake mara ya pili akifuatana na wenzake wanne. Alama yake ikaja chini, akarudia somo lile. Asema, wasichana wajue mapema, wasifikiri ni wao wa kwanza, wala wasinyamaze.

Habari ya muda ni fupi. Mpango mpya uitwao LMD ulianza katika vyuo vya nchi yetu mwaka wa masomo 2021-2022: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, na baadaye udaktari wa elimu. Kwa hiyo mashauri ya wajomba waliosoma zamani za graduat yapokelewe kwa heshima lakini yachunguzwe. Na walimu wakigoma, kama walivyogoma mara nyingi katika Kongo, mwaka wa miezi kumi waweza kuzaa miezi kumi na minne. Kodi ya chumba haigomi.

Wengine hutuuliza kama chuo chetu ni chuo cha maana. Twawajibu kwa kuwasimulia kilikotoka. Kilifunguliwa mwaka 1963, mji ukiitwa Stanleyville, na ndugu zetu Waprotestanti ndio waliokianzisha. Sisi Wakatoliki tuseme hivyo bila haya. Mwaka uliofuata uasi ukakikimbiza hata Léopoldville. Mwaka 1971 Serikali ilikiunganisha na Lovanium, kile cha Wakatoliki, na kile cha Lubumbashi, vikawa chuo kimoja cha taifa. Na katika mgawanyo ule masomo ya saikolojia na malezi ya nchi nzima yaliwekwa Kisangani. Tangu 1981 kimesimama peke yake tena. Mwaona, basi! Malezi, ambayo sisi tulimwambia kijana wa Isangi kwamba ni ya waliokosa mahali, ndiyo masomo ambayo watu walitoka Kinshasa na Kasai wakasafiri kuyafuata hapa.

Na kuna jambo jingine ambalo huyu wetu wa biolojia halichoki, nasi siku hizi twamwacha aseme. Wanafunzi wanamiminika katika sheria. Lakini sheria yasomwa popote. Mwitu kama wetu haupatikani popote. Mwendo wa kilometa kama 100 kwa kufuata mto kuna Yangambi, ambako Wabelgiji waliweka toka mwaka 1933 kituo kikubwa cha kuchunguza kilimo. Huko ndiko ilikofahamika siri ya mchikichi wenye nyama nyingi na kokwa jembamba: ni mtoto wa aina mbili zilizooana, mmoja wa kokwa nene na mmoja asiye na kokwa. Mafuta mengi ya mawese yanayouzwa leo duniani yatoka katika ndoa hiyo. Na mwaka 2020 pamesimamishwa mnara wa chuma wa meta 55, upitao vilele vya miti, kupima hewa ambayo mwitu unaivuta na kuitoa. Wageni huvuka bahari waje kuuona mwitu huu, na mtoto wa Bafwasende, aliyezaliwa ndani yake, anautoroka akavae tai. Hata hivyo mwenzetu hafichi upande wa pili: yeye amemaliza, na kazi ya kudumu hajaipata. Hufuatana na watafiti miezi michache, kisha hukaa.

Vivyo hivyo hatuwafichi kwamba si lazima chuo kikuu. Kuna ISP kwa walimu, kuna ISTM kwa wauguzi na mafundi wa maabara, na tumewaona waliotoka huko wakishika kazi kabla yetu.

Jumamosi iliyopita binti mmoja alikaa benchi la mbele, daftari magotini. Atoka Isangi. Alipotaja jina la ukoo tulitazamana: ni dada wa kijana yule. Kaka yake sasa afundisha darasa la tatu huko nyumbani, naye ndiye aliyemtuma kwetu. Diploma ya binti ni ya biolojia na kemia, na ataka udaktari.

Tulikaa naye toka saa tisa hata jua kuchwa. Tulimwonyesha daftari letu la gharama, akanakili kila mstari, na alipofika penye jumla alinyamaza kitambo. Kisha akamwuliza yule wa udaktari: "Yaya, ukiambiwa leo uanze upya, utaanza?" Mwenzetu hakuwa na koti lake jeupe. Alifikiri, akafikiri, akasema: "Sijui. Niulize nikimaliza."

Binti akakunja karatasi zake, akasema atampelekea mama yake ahesabu pamoja naye kabla ya kuandika jina popote. Jumatatu alfajiri tulimsindikiza bandarini. Mashua iliondoka saa kumi na mbili, naye alikuwa bado hajachagua.