Liguru wa Kona ya Kushoto

Bwawa la Khocha, kaka yake mama, lilichimbwa mwaka 2010 nje kidogo ya Kimilili, enzi za ule mradi wa serikali uliotenga mabwawa 200 kwa kila eneobunge katika maeneobunge 140. Lilikuwa na mita 300 za mraba, maji ya kijito kutoka upande wa Mlima Elgon, na samadi ya ng'ombe ya kuyatia ukijani. Nilikuwa Kidato cha Pili. Nikamwomba vifaranga watano wa tilapia, nikawabeba kwa mtungi wa lita tano hadi nyumbani.

Tangi nilitengenezewa na fundi wa vioo sokoni: vioo vitano na silikoni, urefu mita moja kasoro. Mama aliliruhusu sebuleni kwa sharti kwamba nisiondoe vitambaa vyake mezani kulipisha.

Miezi ya kwanza wale watano walikuwa watoto wa nyumba moja. Ukitia pumba na omena ya kusagwa wanapanda wote kwa pamoja, na mgeni aliyekuja kutazama taarifa ya habari aliishia kutazama samaki. Halafu mmoja akaanza kuchimba. Alikuwa akijaza changarawe mdomoni, anaogelea kidogo, anaitema, anarudi. Siku nzima. Kufikia Jumapili kulikuwa na shimo la mviringo kama bakuli kwenye kona ya kushoto, na mwenye shimo ameiva wekundu kichwani na kifuani. Mwenzake akikaribia tu, alifukuzwa hadi kioo cha upande wa pili, na hapo hakuna pa kukimbilia tena. Tulimbandika jina Liguru, maana hata mzee wa mtaa wetu alitembea hivyo hivyo.

Wa kwanza kufa tulimkuta mapezi yamechanika. Wa pili akafuata.

Ninachokumbuka zaidi ni macho. Mmoja wa waliobaki alikuwa akijibanza nyuma ya mpira wa pampu ya hewa, na macho yake yalikuwa yamegeuka meusi tititi. Nikasema huo ni ugonjwa, nikatia chumvi. Nilikuja kusoma baada ya miaka kwamba watafiti wa Brazil walishaandika mwaka 2003 kuhusu jambo hilo: tilapia wa Nile akishindwa vita macho hufanya giza, na mshindi yake hubaki meupe. Kumbe nilikuwa nikitibu kushindwa kwa chumvi.

Siku ya kuvuna, Khocha alipokausha bwawa, nilishuka naye kwenye tope. Chini kote kulikuwa na mashimo ya mviringo, mengine mapana kama karai.

"Hizo ni boma za madume," akasema. "Jike anataga hapo, anabeba mayai mdomoni, anaenda zake. Dume anabaki kulinda shimo."

Nikamweleza habari za Liguru. Akacheka mpaka akaegemea jembe. "Wewe mwana wa dada yangu, umewapa watu watano ploti moja, halafu unalia wanapigana?"

Alijua anachosema. Kwetu mkonge wa mpakani ukisogezwa usiku, asubuhi ndugu wako kwa liguru, yule wa kweli.

Mimi lakini bado nilimlaumu samaki. Bwawa lilipojazwa upya nikampeleka Liguru kwa mtungi uleule, nikammwaga, akapotea kwenye maji ya kijani kama mtu yeyote. Nikarudi nyumbani nikasawazisha changarawe kwa mkono mpaka kona ya kushoto ikawa kama kona nyingine.

Siku mbili palikuwa shwari. Ya tatu, kabla sijavaa sare za shule, nilikuta changarawe imetemwa katikati ya tangi. Yule wa nyuma ya mpira alikuwa juu ya shimo jipya, kifua kimeanza kuiva, macho meupe. Na nyuma ya mpira alikuwa amejibanza mwingine.