Nauli ya Malalamiko

Barua ya kwanza niliyoandika maishani haikuwa ya mapenzi. Nilikuwa darasa la sita, Ujiji, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jirani yetu mvuvi, niliyemwita Babu ingawa hatukuwa na undugu wa damu, alinikalisha barazani kwake akanipa karatasi mbili na kalamu ya wino wa bluu. Nyavu zake tatu zilikuwa zimechukuliwa ufukweni na mtumishi mmoja wa serikali, kwa kosa ambalo hakuelezwa. Stakabadhi nayo hakupewa.

"Andika, mjukuu wangu," akasema. "Andika kwa Tume."

Nikamuuliza Tume ndiyo nani. Akaniambia ni wazee waliotumwa na Mwalimu kuja kusikia watu wanaonewa wapi.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, lakini hayakuwa mbali na ukweli. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianzishwa 1966, ikawa ya kwanza ya namna yake barani Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Nchi ilikuwa imeingia katika chama kimoja. Mkuu wa wilaya, karani na askari walikuwa na madaraka makubwa kuliko elimu ya watu waliowatawala, na Mwalimu Nyerere alitaka pawepo mahali pa kuwasemea. Makamishna hawakukaa Dar es Salaam kungoja barua. Walizunguka wilayani wakiita mikutano, na asiyejua kuandika alisema kwa mdomo, maneno yake yakaandikwa. Kwa Kigoma, kuzunguka huko kulimaanisha reli ya kati: kilomita zipatazo 1,250, siku mbili za vumbi la Dodoma na Tabora, hadi treni inapoishiwa na nchi na kusimama mbele ya ziwa.

Baada ya miezi mingi Babu alirudishiwa nyavu mbili. Alishukuru, akazitandaza uani kuzikagua, kisha akaniuliza swali ambalo sikulijibu hadi alipokufa: "Na aliyezichukua, kaambiwaje?"

Hakuna aliyejua. Tume ile ilipeleka taarifa zake kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua la kufanya. Mlalamikaji aliona matokeo tu, kama mtu anayeona moshi wa jirani bila kujua kinachopikwa. Na yeye Rais hakuwa mtu wa kuchunguzwa.

Nilikua, nikasomea ualimu, nikarudi nyumbani kufundisha uraia. Nikaona sheria zikibadilika nikiwa na chaki mkononi. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba 1984, na kuanzia 1988 mtu akaweza kuzidai mahakamani. Vyama vingi vikarudi 1992. Mabadiliko ya Katiba ya 2000 yakaleta Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ikafuatiwa na Sheria Na. 7 ya 2001, na Jaji Robert Kisanga akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Siku nilipowafundisha wanafunzi kifungu kinachosema kwamba mamlaka ikipuuza mapendekezo ya Tume, Tume inaweza kwenda mahakamani, nilimkumbuka Babu. Jibu lake lilikuwa limepatikana, yeye hayupo.

Kifungu hicho hakikubaki kwenye karatasi. Wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliohamishwa kwa nguvu 2001 na nyumba zao kuchomwa, walipeleka malalamiko yao. Tume ikachunguza, ikapendekeza walipwe fidia, serikali ikakataa. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, ambako ilikubaliwa kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa mahakamani. Mapendekezo yakawa na meno.

Lakini meno hayo yalikuwa mbali nasi. Tume ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam na matawi Zanzibar, Lindi na Mwanza. Kwa mtu wa Ujiji, pa karibu palikuwa Mwanza: basi la Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, njia ambayo kuna miaka mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi.

Uzito wa safari hiyo niliuonja 2013, mwaka wa msako wa wahamiaji katika mikoa yetu ya mpakani. Mwanafunzi wangu wa zamani, Muha wa Kasulu aliyekuwa akianika dagaa Kibirizi, aliambiwa katika ofisi moja kwamba lafudhi yake ni ya ng'ambo. Huku kwetu watu wanaijua hadithi hiyo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, wakimbizi wa Burundi tumeishi nao tangu 1972, wa Kongo wako Nyarugusu tangu 1996. Kwa hiyo unaweza kuulizwa bibi yako alizaliwa wapi kabla ya kuulizwa unaitwa nani.

Nilimwandalia barua ya kwenda kwa Tume. Aliisoma, akairudisha mezani. "Mwalimu, barua ni nzuri. Ila haya mambo si ya kuandika, ni ya kusema mtu akikutazama usoni."

Tukapiga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi, gesti, chakula, na siku nne za dagaa wasio na mtu wa kuwageuza juani. Hesabu ikakataa. Barua ikaenda posta, na lililomwokoa mapema zaidi likawa mwenyekiti wa mtaa na wazee watatu waliosimama mbele ya meza wakasema: huyu tunamjua, na mama yake tunamjua.

Tangu hapo mimi hufuatilia bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria kama wengine wanavyofuatilia ligi. Humo, Tume ina fungu lake, Fungu 55. Nimejifunza kwamba kupitishwa bungeni si kupokewa: fedha huweza kutajwa Juni, zikafika pungufu au kwa kuchelewa. Mishahara hulipwa kwanza. Kinachosubiri ni mafuta ya gari, posho ya mchunguzi na ya dereva, yaani safari yenyewe. Wafadhili wa nje, UNDP wakiwemo, wamewahi kuziba pengo kupitia miradi, lakini mradi huja na mada yake na tarehe ya kufungwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kanuni za Paris, zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa 1993, zinataka chombo kama hiki kiwe na fedha zake za kutosha, kisimtegemee kinayemchunguza. Sisi hata viti vimewahi kuwa vitupu: kabla ya Jaji Mstaafu Mathew Mwaimu kuteuliwa mwenyekiti 2019, Tume ilikaa zaidi ya mwaka bila makamishna.

Tume ya Babu ilikuwa kibogoyo mwenye miguu. Hii ya leo ina meno, ila miguu yake inakaa Hazina. Sitamani ile irudi. Chombo kinachomnong'oneza Rais peke yake hakifai tena. Ninachokitamani ni lile gari-moshi lake.

Juzi mjukuu wa Babu alikuja kwangu na lalamiko lake la mtumbwi. Nikavaa miwani, nikatafuta kalamu. Akacheka, akatoa simu: siku hizi lalamiko hutumwa kwa ujumbe mfupi. Nikamtajia maneno, yeye akabonyeza, na chai ilikuwa bado ina moto tulipomaliza. Akanyanyuka kwenda zake.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Wakikupigia kukuuliza shahidi ni nani na mtumbwi ulikuwa wapi, utasema nini?"

Akanyoosha mkono kuelekea ziwani, kama vile aliye upande wa pili wa simu angeona.