Heshima Mbele ya Hakimu

Wakongomani wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi huijua mahakama ya huku kwa sababu ya gari. Mtu anawahi zamu ya usiku, leseni hana, polisi wanamsimamisha na kumpa karatasi yenye tarehe. Hapa Ohio karatasi hiyo humfikisha mahakama ya manispaa, na jirani huja kwangu na maswali yale yale. Lazima niende? Nitafungwa? Niseme nini?

Kwenda ni lazima; asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa. Yapo makosa ambayo unaweza kulipa faini bila kufika, lakini ukilipa umekiri, na kuendesha bila leseni hakumo katika hayo.

Swali la tatu, la kusema nini, ndilo linaloniumiza. Mama mmoja niliyemsindikiza alisimama ukumbini kiganja juu ya kiganja, macho chini, akiitikia “ndiyo” kwa kila alichosema karani. Aliyekuwa akimtafsiria ni mwanawe wa shule ya msingi. Nikamuuliza kama kweli anakiri. “Sasa mimi nitabishana na hakimu?” akanijibu.

“Mama, ukikana hujamtukana mtu. Umeomba ushahidi tu.”

Tumelelewa kutobishana na mkubwa, na malezi hayo nayapenda. Sitaki watoto wetu wayapoteze ugenini. Lakini hakimu hajui ila anayoambiwa. Hamchukii anayekana, kwa kuwa kazi yake inaanzia hapo hapo. Anayeitikia “ndiyo” kwa adabu huandikiwa hatia, na kwa asiye raia hatia nyingine huweza kumrudisha alikokimbia. Ndiyo maana mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Padilla, ilisema wakili wa kesi ya jinai amweleze mteja wake hatari hiyo kabla hajakiri. Na tangu 1972 mtu hawezi kufungwa, hata kwa kosa dogo, kama hakupewa nafasi ya kuwa na wakili. Faini nayo isikutishe: kama huna, sema huna, uombe kulipa kidogo kidogo. Tangu 1983 hakimu haruhusiwi kumfunga mtu kwa umaskini wake tu.

Basi ukipata karatasi, usisubiri siku ya kesi. Mpigie karani mapema, uombe mkalimani wa Kiswahili, na umweleze kuwa ni Kiswahili cha Kongo. Gharama ni ya mahakama. Mtoto mwache aende shule.